Rubani Yuko Wapi? Historia ya Majina ya Ndege Zirukazo Bila Mtu Ndani

Ndege irukayo bila mtu ndani yake ina umri wa zaidi ya miaka 100, na kwa muda wote huo walioibuni, walioinunua, walioitungia sheria na walioandika habari zake hawajawahi kukubaliana iitwe nini. Imeitwa torpedo ya angani, shabaha ya angani, bomu la roboti, droni, chombo kinachoongozwa kwa mbali, chombo cha angani kisicho na mtu, mfumo wa ndege isiyo na mtu, na hatimaye ndege inayoongozwa na rubani aliye mbali. Na kila lilipozuka jina jipya, waliolizusha walidai kwamba lililotangulia lilikuwa likipotosha. Ubishi huo unaweza kudhaniwa kuwa ni wa wapenda maneno wasio na shughuli nyingine, lakini historia yake inaonyesha jambo zito zaidi, kwani kila jina lilikuwa jibu la swali lile lile: mwanadamu yuko wapi katika safari ya ndege hiyo, na ni nani wa kuwajibika inapoanguka, inapopotea au inapoua?

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia swali hilo lilikuwa bado halijaumiza kichwa cha mtu. Huko Uingereza, mwaka 1917, Archibald Low alijaribu ndege ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, na mradi wake ukaitwa makusudi "shabaha ya angani", ili adui akizipata habari zake adhani ni chombo cha kufanyia mazoezi ya mizinga, ilhali kilikusudiwa kuwa silaha. Huko Marekani, Elmer Sperry na Peter Cooper Hewitt walifanikiwa mwezi Machi 1918 kurusha ndege yao bila mtu katika Long Island, na mwaka huo huo Charles Kettering akatengeneza huko Dayton, Ohio, ndege ndogo ya mbao iliyobeba kilo 80 hivi za baruti. Kabla ya kuirusha, mafundi walipima umbali hadi kwenye shabaha pamoja na nguvu ya upepo, wakapiga hesabu ya mizunguko ambayo injini ingehitaji kufika huko. Mizunguko hiyo ilipotimia, kifaa kilizima injini na kuziachia mbawa zichomoke, na kiwiliwili kikaanguka na mzigo wake. Vita vilikwisha kabla haijatumika. Wamarekani waliziita ndege hizo torpedo za angani, neno lililotoka kwa wanamaji, na kwa wakati ule lilifaa: torpedo hairudi ilikotoka, wala hakuna aulizaye rubani wake ni nani.

Jina lililokuja kuvuma duniani kote lilizaliwa pale ndege ya namna hii ilipoanza kurudi. Katika miaka ya 1930 wapiga mizinga wa manowari za Uingereza walihitaji shabaha inayoruka kama ndege halisi, na mwaka 1935 kampuni ya de Havilland ikawapa Queen Bee, maana yake malkia wa nyuki. Mwenye kampuni, Geoffrey de Havilland, alikuwa mpenzi wa wadudu aliyezoea kuziita ndege zake kwa jina la nondo, na Queen Bee yenyewe ilitokana na ndege ya mafunzo iliyojulikana kama Tiger Moth, ila kiwiliwili chake kilikuwa cha mbao ili gharama ipungue na kielee majini kikianguka. Mwongozaji hakushika usukani. Alikuwa na kisanduku chenye kidude cha kuzungusha namba kama cha simu za zamani, na kila namba aliyoizungusha ilipeleka amri moja kwa njia ya redio. Ndege karibu 400 za aina hiyo zilitengenezwa, nazo zilirushwa kutoka nchi kavu kwa magurudumu, majini kwa maboya, na hata kutoka juu ya manowari kwa mtambo wa kufyatulia.

Mwaka 1935 Admeri William Standley, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, alionyeshwa ndege hiyo alipokuwa Uingereza, na aliporudi akaagiza jeshi lake litengeneze ya kwake. Kazi ilikabidhiwa kwa afisa aliyeitwa Delmer Fahrney, ambaye mwaka 1936 alianza kuziita ndege zake kwa neno la Kiingereza la nyuki dume, yaani "drone", kwa heshima ya Queen Bee ya Waingereza. Maelezo mengine huhusisha jina hilo na mvumo wa injini, na kweli neno hilo kwa Kiingereza lina maana ya kuvuma pia, lakini uhusiano na Queen Bee ndio unaokubalika zaidi. Mfano ulikuwa umekaa vizuri, kwani nyuki dume hana mwiba, hatafuti chakula, maisha yake yote yako chini ya malkia, na akishajamiiana naye hufa. Vivyo hivyo droni ya Fahrney haikuwa na silaha, ilitii amri za mwongozaji aliyekuwa ardhini au katika ndege nyingine, na ilijengwa ili ipigwe. Mwezi Agosti 1938 wapiga mizinga wa manowari ya USS Ranger waliifyatulia risasi kwa mara ya kwanza.

Vita Kuu ya Pili ililieneza jina hilo na pia kulivuruga. Kampuni ya Radioplane, iliyoanzishwa na mwigizaji wa Hollywood Reginald Denny, ililiuzia jeshi la Marekani shabaha ndogo karibu 15,000, na hizo zilikuwa droni kwa maana ya Fahrney. Lakini mwaka 1944 jeshi la majini la nchi hiyo lilitumia katika visiwa vya Solomon ndege zilizobeba mabomu na kuongozwa kwa kutazama picha ya televisheni, nazo pia zikaitwa droni, ila za mashambulizi. Kuanzia tarehe 13 Juni mwaka huo Wajerumani waliipiga London kwa V-1, iliyoruka yenyewe kwa dira na kipima mwendo bila mtu kuiongoza hata kidogo, na magazeti ya Kiingereza yakaiita bomu la roboti au bomu la kuruka. Vita vilipomalizika, vyombo vitatu vya asili tofauti, yaani shabaha, silaha inayoongozwa na kombora lijiendalo, vilikuwa vimeingia katika kapu moja, na hakuna aliyekuwa na neno la kuvitenganisha.

Kwa miaka 20 iliyofuata, droni ilirudia maana yake ya shabaha, hasa kutokana na ndege ya jeti ya Firebee iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1951, na jeshi la Marekani likatenga herufi Q katika utaratibu wake wa kuzipa ndege majina, herufi ambayo ingali inasomeka hadi leo katika jina la ndege ya MQ-9. Vita vya Vietnam ndivyo vilivyoliona jina hilo kuwa dogo. Ndege zilizotokana na Firebee zilipeleleza na kupiga picha katika safari zaidi ya 3,400 kati ya 1964 na 1975, na wahandisi wakaanza kutofautisha baina ya droni, waliyoitafsiri kuwa ndege inayofuata mpango uliowekwa kabla haijaruka, na chombo kinachoongozwa kwa mbali, ambacho mtu hukiendesha kwa wakati ule ule huku akiona kinachoonekana mbele yake. Tofauti hiyo ilikuwa ya kiufundi, lakini pia ilikuwa ya heshima na fedha, maana bunge lilikuwa tayari kulipia ndege ya kisasa kuliko shabaha ya kutunguliwa. Chama cha kitaifa cha watengenezaji na watumiaji wa vyombo hivyo, kilichoundwa nchini humo mwaka 1972, kilijiita kwa jina hilo la vyombo vinavyoongozwa kwa mbali. Miaka michache baadaye kilijibadilisha kikawa cha vyombo visivyo na mtu, na hivyo historia ya jina la chama hicho ni muhtasari wa ubishi mzima.

Neno "kisicho na mtu", lililotawala tangu miaka ya 1980 katika ufupisho wa UAV, lilipendwa kwa sababu halikumlazimu mtumiaji aseme kama chombo kinaongozwa na binadamu au kinajiongoza, kwa hiyo wote waliingia ndani yake. Upana huo ndio uliokuja kuwatatiza wanasheria. Mkataba wa 1987 baina ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, ambao ulipiga marufuku makombora ya ardhini yenye uwezo wa kwenda kati ya kilomita 500 na 5,500, ulilieleza kombora la masafa kuwa ni chombo kisicho na mtu, kinachojisukuma chenyewe na kuelea hewani kwa nguvu za mbawa katika sehemu kubwa ya safari yake. Jeshi la Marekani lilipotaka kuifunga makombora ndege ya Predator, iliyokuwa imeruka mara ya kwanza mwaka 1994 na kupeleleza Bosnia mwaka 1995, maneno hayo yalionekana kuieleza ndege hiyo karibu neno kwa neno. Wanasheria wa serikali walihitimisha kwamba Predator haikuwa kombora, kwa kuwa haikubeba kichwa cha kulipuka nacho yenyewe, na ilijengwa irudi na kutua. Majaribio ya kwanza ya kufyatua yakafanyika mwezi Februari 2001 huko Nevada. Kabla ya mwaka huo kwisha ndege hiyo ilikuwa imefyatua makombora Afghanistan, na mwaka 2002 herufi yake ya mbele ikageuka kutoka R ya upelelezi kuwa M ya kazi nyingi. Nyuki dume alikuwa ameota mwiba.

Tangu hapo ubishi ulitoka katika ofisi za wahandisi ukaingia katika siasa. Mashambulizi ya Marekani huko Pakistan, Yemen na Somalia yaliandikwa magazetini kwa jina la droni, na kwa wasomaji wengi neno hilo likawa na maana ya mashine inayoua bila mtu kuwajibika. Jeshi la anga la Marekani lilijibu kwa kubadilisha istilahi: baada ya kuwa limepita katika jina la mfumo wa ndege isiyo na mtu, ambalo wizara ya ulinzi ililipitisha mwaka 2005 ili kuonyesha kwamba ndege ni sehemu tu ya mtambo wenye kituo cha ardhini, mawasiliano na wafanyakazi, kuanzia takriban mwaka 2010 lilisisitiza jina la ndege inayoongozwa na rubani aliye mbali, kwa kifupi RPA. Mwaka 2014 Jenerali Martin Dempsey, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, alitangaza hadharani kwamba hatatamka neno droni wala neno lisemalo ndege haina mtu, kwa sababu yote mawili si ya kweli.

Hoja yake ilikuwa na msingi. Predator iliyokuwa ikiruka Afghanistan ilirushwa na kutuliwa na timu iliyokuwa karibu na uwanja, kisha ikakabidhiwa kwa njia ya setilaiti kwa rubani na mwendesha kamera waliokaa kwenye viti katika kambi ya Creech huko Nevada, na nyuma yao kulikuwa na wachambuzi wa picha, mafundi na makamanda. Ndege isiyo na mtu ilihitaji watu wengi. Lakini jina hilo lilitetea maslahi pia. Marubani wa aina hiyo walikuwa wakipigania kupandishwa vyeo sawa na wenzao wa ndege za kawaida, na ubishi juu ya hadhi yao ulikuwa mkali kiasi kwamba nishani iliyotangazwa kwa ajili yao mwezi Februari 2013 ilifutwa mwezi Aprili mwaka huo huo baada ya wanajeshi wastaafu kulalamika kwamba imewekwa juu ya nishani za waliomwaga damu vitani. Wapinzani wa vita hivyo nao waliliona jina jipya kuwa sabuni ya kuoshea neno lililochafuka. Juu ya hayo, halikuzienea ndege zote: Global Hawk, iliyovuka Bahari ya Pasifiki kutoka California hadi Australia mwezi Aprili 2001, haina usukani wa kushikwa na mtu, bali mwongozaji huipa maagizo kwa kibodi na kipanya, nayo hujirusha na kujitua.

Wafanyabiashara walikuwa na sababu zao za kulikimbia neno droni, maana waliogopa kwamba wakulima, wapima ardhi na wapiga picha wasingenunua kitu chenye jina la silaha. Katika mkutano wa mwaka 2013 wa chama kile kile cha 1972, uliofanyika Washington, neno la siri la intaneti walilopewa waandishi wa habari liliwaagiza kwa Kiingereza wasiseme droni. Agizo lilichelewa. Mwaka huo huo kampuni ya DJI ya China ilianza kuuza Phantom, ndege ndogo ya mapanga manne iliyoweza kurushwa na mtu yeyote, na wanunuzi wake waliiita droni bila kuuliza ruhusa ya mtu. Ndani ya miaka mitatu mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa na kamati ya ushauri yenye neno hilo katika jina lake rasmi.

Katika sheria za kimataifa ubishi ulikuwa wa zamani zaidi. Itifaki ya mwaka 1929, iliyorekebisha Mkataba wa Paris wa 1919, ilikataza ndege inayoweza kurushwa bila rubani kupita juu ya nchi nyingine pasipo idhini maalumu, na katazo hilo likahamia katika Ibara ya 8 ya Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio msingi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Ibara hiyo ilizungumzia ndege isiyo na rubani, lakini taratibu zote za usafiri wa anga zimejengwa juu ya rubani kiongozi, yaani mtu mmoja mwenye dhamana ya mwisho ya usalama wa safari. ICAO ililitatua tatizo hilo kwa waraka wa mwaka 2011 na mwongozo wa mwaka 2015: jamii nzima iliitwa ndege zisizo na mtu, na ndani yake zikatengwa ndege zinazoongozwa na rubani aliye mbali, ambazo peke yazo ndizo zilizoonekana kufaa kuingizwa katika safari za kimataifa pamoja na ndege za abiria. Ndege inayojiongoza kabisa, ambayo hakuna mtu awezaye kuiingilia ikiwa hewani, iliachwa nje ya mpango huo. Australia ilifuata istilahi hiyo mwaka 2016 na Kanada mwaka 2019, huku Umoja wa Ulaya ukibaki na jina pana la ndege isiyo na mtu. Kwa Kiingereza jina hilo lilizua ugomvi mwingine, kwa kuwa linabeba ndani yake neno linaloweza kumaanisha mwanamume, na baadhi ya taasisi zimeligeuza kuwa "isiyo na wafanyakazi ndani". Ugomvi huo haukuwagusa wasemaji wa Kiswahili, ambao "mtu" na "rubani" wao hawana jinsia.

Afrika ya Mashariki na Kati iliingia katika ubishi huu kwa njia ya sheria na ya kazi. Umoja wa Mataifa ulipoanza kurusha ndege za upelelezi kutoka Goma mwezi Desemba 2013, maofisa wake walijitahidi kuongeza katika jina kwamba ndege hizo hazina silaha, kwa kuwa neno tupu lingewatia hofu wakazi wa Kivu na nchi jirani. Rwanda ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Zanzibar ilipiga ramani ya visiwa vyake kuanzia mwaka huo huo. Na mwaka 2018 dawa zilisafirishwa kwa majaribio hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2018 kwa kutumia istilahi ya ICAO ya mifumo ya ndege zinazoongozwa na rubani aliye mbali. Kenya nayo ilianza na istilahi hiyo katika kanuni za mwaka 2017, Bunge likazibatilisha mwaka 2018, na zilipotoka upya mwaka 2020 zilikuwa na jina la mifumo ya ndege zisizo na mtu. Kwa hiyo chombo kile kile kikivuka mpaka wa Namanga hubadilisha jina la kisheria, ingawa anayekiongoza ni yule yule.

Katika Kiswahili cha kila siku yamestawi majina matatu. Droni linatumika mitaani na kazini. Ndege nyuki limependwa na baadhi ya waandishi wa Tanzania, nalo limekaribia asili ya jina la Fahrney, ingawa huenda lilitokana na mvumo tu. Na ndege isiyo na rubani ndilo linalotawala katika taarifa za habari, hasa za vita. Hilo la tatu linalingana na lugha ya Ibara ya 8, na kasoro yake ni ile ile, kwani anayeandika juu ya leseni na mafunzo hujikuta akimtaja rubani wa ndege isiyo na rubani. Katika habari za vita kasoro hiyo huwa kubwa zaidi: msomaji huambiwa kwamba ndege isiyo na rubani imewaua watu kadhaa, na sentensi yenyewe humwondoa mtu aliyebonyeza kitufe.

Historia hii haitoi jina moja linalofaa kila mahali, lakini inatoa mgawanyo ulio wazi. Droni linatosha kuwa jina la jumla, kwa kuwa watu wameshalichagua na hakuna taasisi iliyofaulu kulizuia. Ndege inayoongozwa kwa mbali liwe jina la sheria, la leseni na la habari zozote ambamo kuna mtu kwenye mtambo wa kuongozea, popote alipo. Ndege isiyo na rubani libaki kwa zile zinazojiongoza kweli, ambazo zinaongezeka na zitahitaji jina lao. Na wahariri wa Kiswahili, wanapoandika kwamba droni imeshambulia, wana wajibu wa kutaja pia ni jeshi gani lililoiongoza.